Jua la Saa Kumi na Mbili

Jumatano, 15 Oktoba 2003
Edmonton, London. Chama chetu cha Watanzania kinatafuta picha ya jalada la kalenda ya mwakani: milima, majani mekundu ya msimu huu, jua likichomoza. Ijumaa tunakwenda Wales kwa basi dogo. Desemba, Gaudensia, katibu wetu, atakwenda Moshi na kumpelekea mama yangu nakala yake. Lazima jina langu liwe chini ya picha! Miaka minne namwandikia mama kwamba mimi ni mpiga picha London. Ukweli ni kwamba nafunga maboksi ghalani, zamu ya usiku, na asubuhi zote nimelala. Mama asijue kamwe.

Mpinzani ni mmoja tu, Norbert. Ana kikamera cha plastiki na anajiona bingwa. Maskini.

Ijumaa, 17 Oktoba
Hosteli iko chini kabisa ya mlima. Nimepangwa chumba kimoja na Norbert. Mungu ananipenda! Gaudensia kaniuliza kama nimeangalia jua la huku linatoka saa ngapi. Nimecheka kwa adabu. Nikamwambia, dada, jua linatoka saa kumi na mbili tangu enzi za Adamu. Norbert alipokwenda kuoga, niliisogeza kengele ya saa yake hadi saa moja na nusu. Aamke jua limeshapanda, apige picha ya uji.

Jumamosi, 18 Oktoba
Saa kumi na moja nilikuwa mlimani na kamera, stendi yake na soksi jozi mbili. Saa kumi na mbili, giza. Saa kumi na mbili na nusu, giza! Vidole ganzi. Kondoo mmoja alinitazama kwa huruma, nikamfukuza. Saa moja na robo anga ikawa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mawingu, bila shaka. Saa moja na nusu nikafunga virago.

Nateremka, macho chini, mawe yanateleza. Ghafla naona kivuli changu mbele yangu. Kivuli! Niligeuka, nikateleza, nikaketi matopeni. Stendi ilivunjika. Norbert yuko mlangoni mwa hosteli na pajama, anapiga picha tu. Kasema hajalala vizuri hivyo tangu aje Uingereza.

Jumapili, 9 Novemba
Kamati imechagua picha ya Norbert. Mlima, majani yanawaka, jua, na katikati binadamu kakaa kwenye tope. Gaudensia anadai huyo mtu ndiye anayeipa picha uhai. Nimepiga makofi, roho inaniuma. Kisha akanieleza polepole, kama mtoto, kwamba huku mwezi wa Oktoba jua linatoka karibu saa mbili.

Jumapili, 28 Desemba
Nimempigia mama. Kalenda iko ukutani. Kasema kanitambua kwa ule ukaaji, nilikuwa nakaa vile vile kwenye tope la bombani nikiwa mdogo. Akauliza Norbert ni nani. Nimemwambia ni msaidizi wangu, namfundisha kazi. Kafurahi hadi kulia. Anataka nije Pasaka niipigie parokia picha ya Kilimanjaro, jua likichomoza. Nimekubali papo hapo. Safari hii sikurupuki. Nitafika na kamera saa mbili kasoro, kitaalamu. Watu wa Moshi wamezoea kuamka mapema bure.