Mtaalamu Aliyekalia Mto Wangu Uwanjani

Harlan Creek, Alabama

Mheshimiwa Profesa, Mkuu wa Idara ya Utamaduni,

Pokea salamu za kina mama wa kanisa, tunaokaanga samaki getini kila Ijumaa shule yetu inapocheza futiboli, hii yetu ya kurusha mpira kwa mkono. Kwa heshima zote, naomba umwondoe Dakta Lindqvist, kijana wako wa Kizungu aliyekuja kuchunguza jinsi wachezaji weusi na weupe wanavyozungumziwa uwanjani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amekalia mto wangu wa kwenye benchi. Safu ile ni ya kina mama tangu shule za weusi na za weupe zilipounganishwa. Nilipomwambia, "Mwanangu, hapo pana mwenyewe," aliyaandika hayo daftarini.

2. Ameandika pia kwamba pilipili tunayomwagia samaki ni upinzani dhidi ya mfumo. Dada Lavinia, anayeitengeneza, sasa anataka apandishwe cheo kanisani.

3. Amegundua, baada ya msimu mzima, kwamba mtangazaji akimsifu mchezaji mweupe husema ana akili, na akimsifu mweusi husema ana miguu. Hongera zake. Marehemu mume wangu Alonzo alikuwa mrushaji, yule anayeongoza timu nzima, katika shule yetu ya weusi. Tulipounganishwa na weupe akaambiwa ana miguu mizuri, basi akakimbie. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Dakta angeniuliza tu.

4. Amewatia watu woga. Mtangazaji, Bwana Wendell, ameishiwa maneno. Juzi mjukuu wangu Kendrell, ambaye naye ni mrushaji, alirusha mpira hadi uwanja mzima ukasimama. Bwana Wendell akatafuta neno, akalikosa, akasema, "Mpira... umefika." Hata Kocha Tuttle siku hizi anatabasamu, jambo linalotutisha.

5. Kwa hiyo nasi tumeanza kumchunguza yeye. Matokeo ya awali: watu wa kabila lake hula samaki kwa uma na hushangilia kwa kutikisa kichwa. Tunaomba ofisi hapo chuoni.

Mwondoe, tushangilie kwa raha zetu. Wasalimie wote idarani, na mama yake Dakta aambiwe kijana amekonda.

Wako mtiifu,
Bi Ernestine Bodiford

N.B. Barua hii sijaiposti bado. Jana Dakta hakuja, ana mafua. Kocha akamtoa Kendrell kwenye kurusha, mbele yetu sote: "Wewe una miguu, kijana. Mambo ya kufikiri mwachie Tanner," yule mwenzake mweupe. Mtoto alirudi nyumbani akalala bila kula, na Ijumaa ijayo wanakuja watu wa vyuo kuchagua warushaji. Profesa, nakuomba sana, mpe dawa umrudishe. Mto wangu aukalie. Na kalamu aishike juu, kocha aione.