Umeniponya Kope, Umeniharibia Kazi

Kwa Daktari wa Ngozi,
Chumba namba nne, mkabala na dirisha la dawa.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUPONYWA BILA KUFIKIRIWA MATOKEO YAKE

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na hilo ndilo tatizo. Mimi ni yule karani wa dirisha la malalamiko katika ofisi ya maji, niliyekuja kwako kope zimevimba, nyekundu, zinawasha na kutoka magamba, machozi yakinichuruzika kuliko mabomba yetu. Ukasema ni ukurutu, huu ambao watu huuita pumu ya ngozi, umeamua kukaa kwenye kope. Siku ile nilikushukuru sana. Shukrani hizo naomba unirudishie.

1. Kazi yangu. Kwa miezi minane nilikuwa karani bora wa idara. Mtu alifika dirishani amefura, anataka kujua kwa nini bomba lake limekauka. Akiniona nafuta machozi, yanatoka tena, nafuta tena, hasira zinamwisha. Wengine walinibembeleza mimi, ati pole baba, usijali, tutachota kwa jirani. Hakuna bomba lililotengenezwa, lakini pia hakuna aliyepiga kelele, na mkubwa wangu akanipa cheti nilichokitundika juu ya kabati la mafaili. Sasa wananikuta na kope laini kama za mtoto mchanga. Wanasema nina macho makavu. Wiki iliyopita mmoja aliniwekea ndoo tupu mezani akaondoka zake. Mkubwa amesema kelele zisipokwisha kufikia Ijumaa, nahamishiwa stoo ya mabomba chakavu. Nina miaka kumi na tisa kwenye dirisha lile, Daktari. Naogopa, sikufichi.

2. Kitambaa. Ulinihoji kama askari: sabuni gani, mafuta gani, rangi gani ya nywele. Kisha ukaomba kitambaa changu cha mfukoni, ukakinusa, ukakiweka kando kwa ncha za vidole. Kitambaa hicho mke wangu alikuwa akikinyunyizia manukato kila asubuhi ili nisiwanukie wananchi jasho. Wewe ukaniambia ngozi ya kope ni nyembamba mno, haiwezi vitu hivyo. Kwamba kadiri nilivyofuta ndivyo zilivyowaka, na kadiri zilivyowaka ndivyo nilivyofuta. Yaani miezi minane nilijitia ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa bidii. Ulitegemea nimwelezeje mke wangu? Nilimweleza. Amenuna mpaka leo. Anasema kama mapenzi yake ni sumu, basi nikafuliwe vitambaa na daktari.

3. Matibabu yasiyo na heshima. Mtu amekaa foleni tangu asubuhi, anatarajia sindano, au angalau chupa yenye jina lisilotamkika. Wewe ukaniambia nioshe kope kwa maji ya uvuguvugu, niache sabuni zenye harufu, nipake mafuta mazito yasiyo na manukato. Zikiwasha, nisikune, niweke kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Ukanipa na kijitubu cha dawa, nipake kidogo kwa siku saba tu, ukanionya nisiazime krimu ya jirani kwa sababu nyingine ni kali na zinaweza kudhuru jicho. Mambo mepesi namna hiyo, na yakafanya kazi! Yangekuwa magumu ningeshindwa kuyafuata, na leo ningekuwa na cheti cha pili.

4. Sasa naona. Hili ndilo baya kuliko yote. Zamani fomu za malalamiko zilikuwa ukungu mbele yangu. Nilizigonga mhuri na kuzilaza kabatini kwa amani. Juzi nimefungua kabati nikazisoma. Kuna mtu mmoja ameandika mara tano, na kila mara mwandiko unazidi kuwa mkubwa. Tangu hapo silali vizuri.

Kwa hiyo naomba unirudishie ukurutu wangu kabla ya Ijumaa, walau kope moja, ya upande wanaosimama watu.

Nisalimie muuguzi anayeita namba bila kuinua kichwa, mlinzi aliyenipitisha mbele ya foleni akidhani nimefiwa, na wote mliowaacha kwenye benchi.

Wako aliyepona bila ridhaa yake,
Karani, Dirisha la Malalamiko.

Tanbihi: Nilikuwa naifunga barua hii alipotokea huyo aliyeandika mara tano. Ni bibi mmoja, amekuja na fomu ya sita. Bomba linavuja mlangoni kwake, ndani hapati hata tone. Nilijaribu kulia, Daktari. Niliminya macho yote mawili, hakikutoka kitu. Sikuwa na namna ila kumtoa fundi wetu kivulini, tukaenda naye kuliziba bomba. Maji yakafika ndani kwa bibi. Aliweka mkono chini ya bomba akauacha pale pale. Machozi yakanitoka mimi, na kope zangu nzima kabisa. Basi futa yote niliyoandika hapo juu. Ijumaa ni kesho, na wakinipeleka stoo nitakwenda na kabati langu, kwa sababu fomu bado ni nyingi. Yale machozi niliyafuta kwa kitambaa ambacho mke wangu alinitilia mfukoni asubuhi bila kunisemesha. Nilikinusa kwanza. Hakinukii chochote.