Mgeni Aliyeishi Nyumbani Kwetu Miaka Kumi na Saba

Barabara ya Tano,
Dodoma.
Jumatatu, 8 Septemba, 1952

Kwa Bwana Afisa wa Vibali vya Wageni,
Dodoma.

Bwana Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba vumbi la juzi halikuingia sana katika mafaili yako.

Mimi ni Jayantilal, mtoto wa pili wa Bwana Chandulal, fundi wa nguo. Nina umri wa miaka kumi na mitano na bado nasoma. Si tabia yangu kuwasumbua wakubwa. Hata darasani sinyoshi mkono. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu karani wako, Bwana Anselmi, alimwambia baba: "Mzee Chandulal, ukiandika Kiingereza barua inapanda treni kwenda Dar es Salaam, inakaa huko mpaka inaota mvi. Andika Kiswahili, nitamwekea mezani leo leo."

Jumamosi tulipokea barua yako. Inasema kwamba dada yangu Rekha, aliyezaliwa Porbandar, Bara Hindi, haonekani katika daftari la watu walioingia nchini. Kwa hiyo aliingia kinyume cha sheria, na Ijumaa hii apande treni ya pwani ili arudishwe alikotoka. Mama alilia. Baba aliacha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikaisoma mara nne, nikaona kwamba sheria imechelewa mno kutusaidia. Ndiyo maana naleta malalamiko yangu.

1. Mimi nilizaliwa hapa hapa Dodoma na cheti ninacho. Mimi ni mwenyeji, Rekha ni mgeni. Hata hivyo, kwa miaka yangu yote mgeni huyu amenitawala. Yeye ndiye anayeamua nani aende kuchota maji na nani alale karibu na dirisha. Mwaka jana alinipiga kwa mti wa kusukumia chapati kwa sababu nilisoma wakati wa kula. Nimepitia vitabu vyote vya sheria ambavyo mwalimu alikubali kuniazima, na sikuona mahali panapompa mhamiaji mamlaka ya namna hiyo.

2. Amejichanganya na wenyeji kiasi kwamba ni vigumu kumtambua. Jirani yetu Mgogo, Mama Ursula, alimfundisha kusonga ugali wa uwele na kupika mlenda, na sasa anajigamba kwamba mlenda wake unavutika kuliko wa Mama Ursula mwenyewe. Punda akisimama njiani, humkaripia kwa Kigogo na punda huondoka. Ukimwuliza Porbandar ikoje, anasema, "Nitajuaje? Nilikuwa nimelala." Mgeni anayejificha vizuri hivi ni wa kuogopwa.

3. Sasa nieleze alivyoingia, maana hapa ndipo ofisi yako ilipodanganywa, ingawa hakuna aliyesema uongo. Kwetu mwanamke hujifungua mtoto wa kwanza nyumbani kwa wazazi wake. Mama alipanda meli akaenda kwao, akajifungua salama. Lakini kwetu pia jina la mtoto hutolewa na shangazi, yaani dada wa baba, na Shangazi Maniben alikuwa Dodoma. Babu aliandika kuomba jina litumwe kwa posta. Shangazi akajibu kwa hasira: "Jina si kifurushi. Mleteni nimwone uso kwanza." Basi mtoto akakaa miezi minne bila jina, akavuka bahari bila jina. Bandarini afisa alimwuliza mama jina la mtoto, na mama, ambaye hajui kusema uongo hata kwa wateja, alijibu kwamba hana. Afisa akaandika: "Mtoto mmoja wa kike, hana jina." Karatasi hiyo tunayo. Baba alimpelekea Bwana Anselmi, naye akaigeuza pande zote mbili, akasema, "Mzee, hii ni ya asiye na jina. Sisi tunatafuta ya Rekha."

Rekha alipewa jina hapa Dodoma, katika chumba chetu cha mbele. Siku hiyo mtoto hulazwa katika shuka, watu wanne wakashika pembe na kumbembeza, na shangazi akalitaja jina. Ndugu hawakutosha, kwa hiyo pembe ya nne ilishikwa na Mama Ursula. Yuko tayari kuapa. Anasema mtoto alikuwa mzito.

4. Utaona sasa, Bwana, kwamba Rekha hakuingia nchini kabisa. Rekha alianzia Barabara ya Tano. Aliyeingia ni yule mtoto asiye na jina, na huyo ndiye mhalifu. Namuunga mkono kila anayetaka arudishwe. Naomba askari wamsake mji mzima, mtaa wa Chang'ombe pia. Alama zake ni hizi: hana meno, hana nywele, hulia akiona mtu mwenye ndevu. Nina wasiwasi kwamba Ijumaa mtampakia treni mzaliwa wa Dodoma, na mhalifu mwenyewe atabaki akitambaa mitaani.

5. Kama ofisi inaona bado ni lazima mtu arudishwe alikozaliwa, basi haki itendeke kwa wote. Ursula, binti wa jirani yetu, naye ni mzaliwa wa kwanza, na mama yake alikwenda kumzalia kwa bibi yake huko Mpwapwa. Arudishwe Mpwapwa. Nimezunguka mtaa wetu na daftari: wazaliwa wa kwanza ni kumi na tisa, na kumi na sita walizaliwa kwa bibi zao. Mabehewa yaongezwe. Mji watabaki nao wazaliwa wa pili, kama mimi, ambao, nakiri, hatujazoea kuamua jambo lolote.

6. Hili si lalamiko, ni ushauri tu. Mama Ursula hufua nguo za jirani yako, naye amesikia kwamba mke wako amekwenda kwao Uingereza kujifungua mtoto wenu wa kwanza, na mwezi ujao atarudi naye. Tunawaombea heri. Tafadhali, Bwana, mpeni jina kabla ya meli.

Nisalimie Bwana Anselmi na wote wa ofisini, na askari wa mlangoni ambaye hunitisha bila kukusudia. Nyumbani wote wanakusalimu, isipokuwa Shangazi Maniben, ambaye anasema atakusalimu Jumamosi, akishaona yaliyotokea Ijumaa.

Wako mwenyeji mtiifu,
Jayantilal Chandulal

Nyongeza: Barua hii anakuletea Rekha mwenyewe. Mimi nikisimama mbele ya karani ulimi unakauka, na tangu nikiwa mdogo yeye ndiye anayenipigia hodi: dukani, kwa daktari, na siku ya kwanza ya shule, alipomwambia mwalimu jina langu kwa sababu mimi nilikuwa nimelisahau. Ameisoma yote. Kuhusu namba ya kwanza anasema nilistahili, na ni kweli. Mamlaka yale naomba aendelee nayo. Mimi niko nje, kwenye ngazi za ofisi yako. Tafadhali usimkawize humo ndani, Bwana, maana asipotoka itanibidi niingie kumdai, na sijawahi kupiga hodi peke yangu. Lakini nitapiga.