Muhula Wangu wa Kuinyoosha Lubumbashi

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Wiki ya pili ya muhula wangu ugenini. Mimi, Mwinjuma wa Tanga, mwanafunzi wa Kiswahili, nimeletwa Lubumbashi na chuo changu kuja kujifunza. Kujifunza! Watu hawa wanasema "muntu" na "batoto", na kila kitu kwao "iko". Mtu iko. Maji iko. Mungu iko. Wanaohitaji muhula ni wao.

Kazi nimeianzia nyumbani nilikopanga, mtaa wa Bel-Air. Leo mezani nilimsahihisha mwenye nyumba, Mama Marie-Thérèse, kabla ugali haujapoa. Akasema kwa upole, "Kula, mutoto." Nikamwambia ni "mtoto". Akaondoa samaki.

Jumatano, 16 Oktoba

Habari kubwa. Bénie, binti wa Mama, anaposwa. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Kambove, pamoja na babu na bibi wa kijana.

Bénie akiolewa, chumba chake cha mbele kitabaki wazi. Kina feni na dirisha. Changu kinapakana na jenereta ya jirani. Nakitaka!

Tatizo ni Yannick, mpangaji mwenzangu, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Naye anakitaka. Hasemi, lakini jana alimbebea Mama gunia la makaa. Ujanja wa kishamba. Mimi nitatumia ulimi.

Nikamwomba Mama niwe msemaji wa familia. Akasema msemaji ni baba mdogo wa Bénie, Papa Anaclet. Sisi wapangaji tugawe soda tu.

Tutaona.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefanya mazoezi ya hotuba bafuni. Yannick akagonga mlango, akauliza nani amefariki.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mungu mkubwa! Gari la Papa Anaclet liliharibika njiani. Wageni wameketi sebuleni, suti na vitenge, jasho linatiririka. Hakuna wa kuwapokea. Mama anatazama mlango. Yannick akapita na soda, anasema "karibuni" basi. Mtu asiye na msamiati!

Nikasimama. Nikajitambulisha kwa fahari kuwa mimi ni mtu wa Bongo, kama tunavyojiita Watanzania, na kwamba maneno yangu yote yanatoka Bongo.

Mjomba wa kijana akawageukia wenzake: "Iko muntu wa bongo. Yeye mwenyewe anakubali."

Baadaye nimeelezwa kuwa huku bongo ni uongo. Wangeniambia mapema.

Sikutetereka. Nikapiga goti mbele ya bibi wa kijana, Mama Albertine, nikamshika mkono. "Shikamoo, bibi yangu mpenzi."

Mumewe, Papa Stanislas, akaweka chupa chini. "Bibi yako? Na mimi niko nani?"

Nikadhani mzee hasikii vizuri. Nikarudia kwa sauti.

Hili nalo nimeelezwa baadaye. Bibi huku ni mke.

Mzee akachukua kofia yake. Ukoo mzima ukasimama. Bénie akakimbilia jikoni, nikamsikia analia, nami bado niko pale chini, goti sakafuni.

Mama Albertine peke yake hakunyanyuka. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "We kijana, uliniowa siku gani? Mbuzi iko wapi?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza. Papa Stanislas akajitahidi kununa, akashindwa. Papa Anaclet alipofika, mikono imejaa grisi, aliwakuta watu wanafuta machozi na kofia imerudi kitini. Mahari ikakubaliwa bila ubishi. Bénie akatoka jikoni, akanipita kama ukuta, akaenda kuketi miguuni pa Mama Albertine.

Yannick akaninong'oneza kwamba bibi huku anaitwa kambo. Sikumwuliza.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa Mama akatangaza: harusi ikipita, chumba cha mbele ni cha Yannick. Nikamkumbusha nani aliwachekesha wageni. Akasema nilikaribia kumvunjia mtoto wake ndoa, na kama si yule kambo, saa hii mizigo yangu ingekuwa barabarani.

Bénie amenisamehe kwa sharti moja. Siku ya harusi nisiongee na mtu yeyote aliyenizidi umri.

Wivu tu. Wanaogopa nitawafunika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwandikia profesa wangu kwamba nimefanikisha posa ya watu wa Kambove kwa nguvu ya lugha. Ni kweli tupu.

Kisha darasani. Masomo ya hapa ni ya Kifaransa, nami Kifaransa sijui, lakini nimegundua kuwa ukitikisa kichwa polepole unaonekana umeelewa. Leo mwalimu akauliza jambo refu sana, mikono kiunoni, sauti ya ukali. Sikuambulia hata neno. Darasa zima likainamisha kichwa.

Waoga! Nikanyoosha mkono.