Uzinduzi wa Akiba ya Miunganisho, Manispaa ya Norrvika

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Waheshimiwa Makamu wenyeviti wote watatu, Mwakilishi wa Kamati ya Mazingira, Mwakilishi wa Kamati inayoifuatilia Kamati ya Mazingira, wazee wetu wapendwa mliokuja na vigari vyenu vya kushikilia mkitembea, na nyinyi wote mliofuata harufu ya keki za mdalasini, hamjambo? (Hatujambo, kwa mbali.) Itifaki imezingatiwa.

Mimi, Birger Stenkvist, Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali, nasimama kifua mbele kuzindua kile kilichofunikwa kwa kitambaa hapo mezani. Kwa wale ambao hamkubahatika kuhudhuria semina ya Malmö, nitarahisisha. Programu inayowapangia wazee wahudumu wa kuwaogesha inakaa kwenye seva, majina yenu yamo kwenye hifadhidata, na katikati pana kiunganishi kinachoziwezesha kuelewana. Zamani kila ombi lilijifungulia njia yake na kuifunga, mashine ikawa inahema tu. Sasa tunaweka akiba ya njia zilizo wazi tayari, ombi linaazima moja, linamaliza shida yake, linairudisha, kama vikombe vya jikoni kwetu ofisini: unachukua, unakunywa, unaosha, unarudisha kabatini. (Makofi. Sauti: "Wewe huoshi!")

Tangu niingie madarakani, malalamiko ya miunganisho kukatika yamepungua kwa asilimia mia na ishirini, jambo ambalo... (Bi Gunvor Åkerlind, kiti cha mbele: "Mia ikiisha imeisha, mtoto wewe! Nilikufundisha darasa la tatu!") Asante, mwalimu wangu. ("Usinishukuru! Torvald wangu hajaogeshwa tangu Pasaka, na sasa ni Agosti, watu wako kwenye karamu za kamba! Mlifunga dirisha la maombi mkatuambia tusubiri mtambo. Mume wangu ananuka, Birger, na anaona aibu!" Minong'ono.)

Uchungu wako umepokelewa na utaundiwa kikundi kazi. Ikumbukwe kwamba Kamati ya Fedha ilitaka miunganisho kumi na Kamati ya Jamii ikataka hamsini, na sisi hapa, kama mjuavyo, hatupigi kura mtu akaondoka amenuna, bali tunakaa, tunakunywa kahawa, tunazungumza mpaka kila mmoja aridhike, na kwa kuwa hakuna aliyeridhika, tuliafikiana kwa kauli moja, ili asionewe mtu, tuanze na sifuri. Sifuri, ndugu zangu, ambayo hadi leo haijakatika hata mara moja! (Mwenyekiti anapiga makofi peke yake, anaacha.)

Nihitimishe kwa shukrani. Naishukuru Kamati ya Fedha kwa kung'amua kwamba seva isiyo na muunganisho hata mmoja haina haja ya kununuliwa, na kwa hiyo hatukuinunua. Namshukuru mhudumu wetu Linnea, yule pale mlangoni, aliyekuwa akipita kwa baiskeli baada ya kazi kumwogesha Mzee Torvald, lakini tangu Pasaka ametii agizo langu aache, maana kuoga nje ya mfumo kunaharibu takwimu. ("Alaa! Kumbe ni wewe!" Linnea anaangalia chini.) Na sasa nafunua! (Kitambaa kinaondolewa: mahali pa seva pana birika kubwa la maji ya moto ya chai.) Chai tayari! Norrvika! Miunganisho! (Watu wanatazama birika.)

(Bi Gunvor amesimama. "Linnea mwanangu, shika upande ule. Polepole, yana moto." Wanalibeba. Watu wanasogeza vigari kuwapisha, ukumbi mzima unapiga makofi.)

Jamani! Hiyo ni mali ya manispaa! Bi Gunvor, mnakwenda nalo wapi?

("Tumeazima, Birger. Tukishamwogesha, tunaliosha, tunalirudisha kabatini.")