Kumsindikiza Marion Wakati wa Ulinzi Mkali

Jumanne, 10 Februari

Bomu limelipuka katika uwanja wa ndege huko ng'ambo. Watu wengi wamekufa. Hapa mtaani Kapsoya tulisimama kimya dakika moja mbele ya duka la Waweru. Dakika ya pili kila mtu akawa mtaalamu. Waweru alisema tatizo ni mizigo. Mwenye bucha alisema tatizo ni ndevu, akaniangalia mimi.

Nilisikitika, kusema kweli. Kisha redio ikatangaza kuwa hata viwanja vyetu vimeongezewa ulinzi: anayeingia ni msafiri peke yake, wasindikizaji waishie getini. Hapo nikasikitika zaidi. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Marion wangu anasafiri Jumamosi! Nesi! Ujerumani! Binti yangu wa pekee!

Mwaka jana Waweru alimsindikiza mwanawe na matatu mbili zilizojaa watu. Wakapiga picha mlangoni kabisa. Ameitundika dukani, juu ya unga. Siwezi kununua hata sukari bila kuiona.

Jumatano, 11 Februari

Nina mpango. Mimi ni katibu wa Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani, kwa hivyo ni mtu wa usalama. Nimewaandikia wakubwa wa uwanja nikijitolea kuwaletea raia thelathini walio macho, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Sikutaja kwamba wote ni jamaa zangu.

Mama Marion aliuliza kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, nimekiandaa cha nini. Nikamwambia Marion atakunywa mlangoni, kamera zikiwa tayari. Akasema mursik humpokea anayerudi na ushindi, tangu lini ikamuaga anayeondoka? Nikamwambia mimi naona mbali. Akasema Jumamosi sitaona kupita geti.

Ijumaa, 13 Februari

Barua haijajibiwa. Nimechukulia hiyo ni ruhusa.

Jioni nilikifunza kikosi changu cha jamaa. Somo lilikuwa moja tu: ukiona kitu kimeachwa bila mwenyewe, usikiguse, piga kelele, kimbia. Shangazi Jepkemboi, miaka sabini na miwili, alirudia mazoezi mara nne kwa furaha. Nimeazima reflekta, kile kizibao kinachong'aa cha mtu wa boda boda, ili nionekane rasmi.

Marion aliniomba twende wawili tu, yeye na mimi, tuagane vizuri. Alikuwa na machozi. Nikamwambia asijali, baba yake amepanga kila kitu.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika haya kituoni. Kituo cha polisi.

Askari wa getini alikuwa na adabu. Alisoma nakala ya barua yangu mpaka mwisho, akasema Mzee, msafiri aingie, nyinyi wengine muagane naye hapa hapa. Marion akaja akifungua mikono anikumbatie. Nikamwambia asubiri! Kukumbatiana ni kule mlangoni, penye picha. Atangulie tu, mimi nakuja. Akanitazama kidogo, akashika sanduku lake, akaingia.

Niliweka kibuyu chini kando ya ukuta ili nivae reflekta, kisha nikaenda kujaribu geti la wafanyakazi. Dakika mbili! Nikasikia nduru. Ilikuwa sauti ya Shangazi Jepkemboi. Ameona kitu cheusi kwa masizi, kimefungwa kifuniko, hakina mwenyewe. Hakukigusa. Alipiga kelele. Alikimbia. Kikosi kizima kikamfuata, sawasawa na mafunzo, ila kumi na wawili walikimbilia ndani ya geti.

Askari waliuliza kitu hicho ni cha nani. Watu thelathini wakaninyooshea kidole, mimi niliyekuwa geti lisilo langu, ndani ya reflekta isiyo yangu. Nikaamriwa nilale chini, mikono kichwani.

Baada ya saa nzima, nikiwa bado pale chini, niliwaona abiria kupitia waya wa ua, wakitembea kuelekea ndege ya Nairobi. Marion alisimama. Aliniona. Akanipungia mkono. Mikono yangu ilikuwa kichwani kwa amri ya serikali. Niliinua kiwiko. Sijui kama alikiona.

Ndege iliondoka kwa wakati wake.

Jumapili, 15 Februari

Nimeachiliwa kwa onyo. Kanisani waliwaombea waliokufa kule ng'ambo, kisha wakaniombea mimi hekima, kwa jina. Waweru alikuja nyumbani kunipa pole na hakucheka hata kidogo. Afadhali angecheka.

Baadaye nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Mtoto alifungua mikono nami nikamwambia asubiri.

Jumatatu, 16 Februari

Marion amepiga simu! Amefika salama, kuna baridi, chumba ni kizuri. Alisema kiwiko alikiona.

Akasema atakuja likizo Agosti. Akaomba asije mtu yeyote kumpokea, atachukua teksi mpaka nyumbani, tukumbatiane sebuleni, basi. Alirudia mara tatu: Baba, tafadhali usije.

Nilimwelewa papo hapo. Mtu hasisitizi hivyo kama hatamani kushtukizwa. Tena atashukia Nairobi kwanza, uwanja mkubwa, milango mingi. Kosa letu lilikuwa kwenda wachache. Nimeshazungumza na mwenye basi la viti sitini na viwili.

Mama Marion alisikia simu, akauliza basi ni la nini. Nikamwambia ni la mazishi, kule kijijini Chepsaita, mwezi wa Agosti. Akauliza ni nani huyo atakayekufa Agosti.

Hapo sikuwa nimepanga.