Simu Inayokata Kila Nikiomba Radhi

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa bila mke. Yuko kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, na namba yangu ameizuia. Kosa langu? Nilimwambia niko ofisini, akanikuta kijiweni nacheza drafti. Mara moja tu! Yaani mara moja ya kukutwa.

Leo nimepata akili. Kwa mama mkwe kuna simu ya mezani, inakaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na haioneshi anayepiga ni nani. Nitaipigia kwa ile programu ya intaneti iliyo kwenye simu yangu. Kwa laini ya kawaida vocha ingekwisha kabla mama mkwe hajamaliza salamu.

Akapokea yeye. Nikatoa shikamoo ya nguvu, ya mkwe mwema. Akaitikia. Nikashusha sauti, nikaanza kuomba radhi. Akawa anasema halo, halo. Mimi namsikia, yeye hanisikii! Nikapaza sauti kuuliza kama ananipata. Hiyo ikafika. Akasema kwake hakuna mwanamume anayemfokea mama mzaa chema. Akakata.

Jumanne, 4 Machi
Nimehamisha kisanduku cha intaneti kutoka chini ya kitanda mpaka juu ya kabati. Nimebadilisha spika za masikioni. Nimepiga nikiwa dirishani, nikiwa mlangoni, nikiwa juu ya stuli.

Kwenye stuli akapokea mke wangu mwenyewe. Nikamwambia kwa upole kwamba nyumba imepoa, kwamba ndala zake bado ziko mlangoni na ninazikwepa kila nikiingia. Akawa anasema halo? halo? Hasira zikanipanda, nikaitukana simu. Tusi dogo. Likafika lote!

Akasema mtandao wangu umekuwa ukikatika tangu tuoane, kila anapouliza niko wapi, na yeye amechoka. Jumamosi jioni baba yake mkubwa anakuja kwa ajili yetu. Kama mpaka hapo sitakuwa nimesema neno la maana, watatuma mtu afuate nguo zake zilizobaki.

Na mimi nimechoka. Nimelala na viatu.

Jumatano, 5 Machi
Nimefikiri sana. Kosa haliko kwangu, liko kwenye simu ya mama mkwe. Kuukuu ile! Nikapiga, nikamwelekeza kwa sauti ya juu achomoe waya nyuma ya kabati, aupulize, aufute, aurudishe. Mama wa miaka sabini, magotini. Nilimsikia akihema. Akarudi na kikohozi, akasema haya, sema sasa. Nikamshukuru kwa unyenyekevu wote nilionao.

Hakusikia hata neno. Akasema nimemtumikisha kisha nimemnyamazia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejisalimisha kwa fundi wa simu wa mtaani, tunayemwita Waya. Mwenye dharau, lakini anajua kazi. Akanituma nje nimpigie kwenye simu yake ya mezani, nimwambie maneno yale yale ninayomwambia mke. Nikayasema barabarani, watu wanapita.

Niliporudi alikuwa anacheka. Akasema nikiwa mkali nasikika mpaka pumzi, nikiwa mpole napotea. Akafungua mipangilio ya programu. Kumbe mna kichuja kelele, na kimepandishwa mpaka mwisho. Sauti yoyote ya chini inahesabiwa kelele, haipiti. Feni haipiti. Mvua haipiti. Msamaha wangu pia.

Akauliza nani alikipandisha. Nikasema simu ilikuja hivyo kutoka dukani.

Ilikuja hivyo! Nilikipandisha mwenyewe mwezi uliopita, kijiweni, ili mlio wa kete usimfikie mke wangu. Waya akakizima, akaniangalia kama anajua.

Ijumaa, 7 Machi
Sikupiga. Woga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga saa tisa alasiri, kabla baba mkubwa hajafika. Nimekaa jikoni, kwenye kiti chake. Nikasema taratibu kwamba nilimdanganya, kwamba nimezoea kumdanganya kwa sababu ni rahisi kuliko kusimama na kurudi nyumbani, na kwamba siku hizi nikirudi hakuna wa kumdanganya na inaniuma. Sikuwa nimeliandika hilo la mwisho. Lilitoka lenyewe.

Kimya. Nikajua imekata tena. Nikataka kulia.

Hakuwa amekata. Akaniuliza niko wapi. Nikasema nyumbani. Akaniambia ninyamaze asikilize. Nikanyamaza. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akacheka, cheko la kuchoka, akasema kweli niko nyumbani: analisikia bomba la jikoni likidondosha, lile analoniomba nilitengeneze tangu mwaka jana.

Anarudi! Jumatatu saa mbili usiku atakuwa stendi. Masharti mawili: nilitengeneze bomba, na drafti niiache. Nimeapa. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba ningeapa lolote.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka asubuhi kwenda kununua mpira mdogo wa ndani ya bomba. Njia ya dukani inapita kijiweni, si kosa langu. Wakaniambia bingwa wa mtaa wa pili yuko hapa na anasema nilikimbia. Nikakaa. Mchezo mmoja tu.

Saa tano nikakumbuka nimeahidi kumpigia mke wangu. Kukatiza mchezo ni kukubali kushindwa. Nikafungua mipangilio, nikakipandisha kichuja kelele mpaka mwisho, nikapiga, nikasema kwa sauti ya juu kwamba niko jikoni chini ya sinki. Akauliza mbona nafoka. Nikasema niko chini ya sinki!

Akaniambia ninyamaze asikilize. Kete zinagonga ubao, watu wamenizunguka, feni inazunguka juu yetu. Akasikiliza. Halafu akavuta pumzi, akasema halisikiki tena, bomba limepona. Akaniita mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Akasema kumbe nikitaka ninaweza.

Nikasema ndiyo, limepona. Kwa sauti ya juu.

Nimemshinda bingwa. Nimerudi jioni, duka la mabomba limefungwa. Si neno. Nimefunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba na tone linashuka kimya kabisa. Akiuliza kwa nini kuna kitambaa, nitasema simsikii vizuri.